Chale, Hina na Wino: Historia ya Kuchora Mwili Ngagara

Kuchora mwili kandokando ya Ziwa Tanganyika ni kazi ya zamani kuliko miji iliyoko huko. Kabla ya mashine ya umeme kulikuwa na wembe, kabla ya wembe kisu kidogo cha mhunzi, na sambamba na hivyo majani ya hina yaliyotwangwa. Mchora tatuu anayepokea wateja leo Ngagara, kaskazini mwa Bujumbura, amekuja mwishoni mwa mlolongo huo, na anayeitazama kazi yake kama mtindo ulioletwa na televisheni anaikosa nusu yake. Kilichobadilika zaidi katika historia hiyo ni mwenye kuagiza mchoro. Ukoo uliagiza, mganga aliagiza, arusi iliagiza, na serikali nayo ikaagiza kwa namna yake. Kumwachia mwenye ngozi aamue kichorwe nini na wapi ni desturi changa.

Ngagara nayo ni changa. Usumbura, kama mji ulivyoitwa hadi uhuru wa mwaka 1962, ulianza kama kituo cha jeshi la Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na Wabelgiji wakauteka mwaka 1916. Waafrika walitengewa mitaa yao: Buyenzi, makao ya Waswahili na Wamanyema, na ule ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Ngagara ilifuata katika miaka ya 1950. Ilijengwa na Office des Cités Africaines, shirika la makazi la Kibelgiji lililoundwa mwaka 1952 na kujenga mitaa ya aina hiyo hiyo Léopoldville, Élisabethville na Bukavu. Wazee wa Bujumbura mpaka leo huiita OCAF. Nyumba zilipangwa safu kwa safu kwa ramani chache zilizorudiwarudiwa, na karitie zikapewa namba badala ya majina. Katika mageuzi ya utawala ya miaka ya 2010 Ngagara ikawa zoni ya komuni ya Ntahangwa, komuni iliyobeba jina la mto unaoitenga na Buyenzi.

Kuvuka mto huo ni mwendo mfupi, na bila Buyenzi historia ya michoro ya mwili Ngagara haielezeki. Ndiko walikokaa watu wa misafara ya Ujiji, Wamanyema na watu wa Kongo waliofika na desturi zao, zikiwemo alama walizokuwa nazo mwilini. Warundi wa milimani hawakujulikana kwa nembo za ngozi kama majirani zao wa magharibi. Urembo wao ulikaa zaidi kwenye nywele, vikuku, shanga na samli ya kujipaka. Ng'ambo ya ziwa mambo yalikuwa tofauti kabisa.

Watabwa wa Mpala na Moba, kwenye pwani ya Kongo, walichanja uso, kifua na mgongo kwa safu za alama ndogo zilizopangwa kwa vipimo. Mpangilio wao mashuhuri ni pembetatu zinazofuatana kwa mistari, zikiitwa balamwezi, ishara ya mwezi mchanga unaochomoza. Ngozi zilizochanjwa zamani hizo zimezikwa na wenyewe. Mbao ndizo zilizobaki. Wachongaji wa Kitabwa walihamishia chale kwenye sanamu za wahenga kwa uaminifu mkubwa, kiasi kwamba anayetaka kujua mgongo wa mtu mzima wa karne ya 19 ulivyopambwa huenda kuzisoma sanamu. Nyingi haziko ziwani tena. Mwaka 1883 ofisa wa Kibelgiji Émile Storms alifika Mpala, mwaka uliofuata watu wake wakamwua chifu Lusinga na kumkata kichwa, na sanamu ya chifu huyo ikasafirishwa hadi Ubelgiji. Imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels.

Kwa Waluba, magharibi zaidi, mwili wa mwanamke ulichanjwa kwa hatua zilizoandamana na maisha yake. Nembo za ujana hazikuwa za ndoa, na mafundi walikuwa wanawake. Waliamini kwamba mtu hazaliwi mrembo, hufanywa. Mbali na ziwa, pande zote mbili za mto Ruvuma, Wamakonde walikuwa na kazi inayokaribiana zaidi na tatuu ya leo. Fundi alikata kwa kisu kidogo kiitwacho chipopo, kisha akasugua kwenye jeraha masizi ya mbegu za mbono, na kovu likapona na rangi ya buluu iliyokolea. Hapo palikuwa na mambo mawili kwa pamoja, ngozi iliyonyanyuka na rangi iliyozama. Walichora mistari ya pembe, mitende na wadudu, usoni na tumboni, na kazi ikirudiwa mara kadhaa hadi alama zisimame.

Ni rahisi kuwaita mafundi hao wachoraji wa kazi maalumu, na wapo wanaoandika hivyo. Sifa hiyo inawazidi. Fundi wa nembo alikuwa na kanuni zinazojulikana na kila mtu, na kanuni hizo ndizo zilizoamua alama ipi ni ya nani. Ustadi wake ulionekana katika usawa wa mistari, katika kuifuata misuli ya mgongo bila kuipotosha, na katika kuikisia ngozi itakavyopona. Aliyelala chini ya kisu alikuwa na nafasi ndogo sana ya kusema anachotaka. Alikuwa anaandikwa na jamii yake ili jamii hiyo iweze kumsoma.

Chale za tiba zilikuwa na agizo la namna nyingine, na hizi Warundi walizifahamu vizuri. Kwa Kirundi huitwa indasago. Mgonjwa wa kichwa alichanjwa kwenye paji au kwenye panda za uso, mwenye maumivu ya kifua alichanjwa mbavuni, na anayetafuta kinga alichanjwa kwenye vifundo vya mikono na miguu. Mganga alipitisha wembe mara mbili au tatu, mistari mifupi isiyozidi upana wa ukucha, damu ikachuruzika kidogo, kisha akasugua dawa, mara nyingi mizizi iliyochomwa hadi ikawa unga mweusi. Kwa kuwa unga huo ni kaboni, mistari ilibaki myeusi maisha yote. Maelfu ya watu wa Bujumbura wasiokubali hata kusikia habari za tatuu wanazo tatuu halisi usoni, wala hawaziiti hivyo.

Desturi hiyo si ya Afrika peke yake. Mtu wa kale aliyekutwa mwaka 1991 ndani ya barafu ya milima ya Alps, ambaye wataalamu humwita Ötzi, aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita na ana mistari na misalaba 61 mwilini, mingi karibu na viungo na mgongoni, mahali ambapo mifupa yake inaonyesha alikuwa akiumwa. Kwa picha zenye maumbo, Afrika ina rekodi yake: mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba mwanaume wa Gebelein, Misri, ambaye mwili wake umehifadhiwa British Museum, ana fahali na kondoo wa mwitu waliochorwa mkononi karibu miaka 5,000 iliyopita au zaidi. Ndizo picha za kiumbe kwenye ngozi za kale kuliko zote zinazojulikana.

Kilichozitikisa chale za tiba mijini ni Ukimwi. Wembe mmoja kwa wagonjwa watano lilikuwa jambo la kawaida, na katika miaka ya 1980 na 1990 kampeni za afya Burundi, kama kwingineko Afrika Mashariki, zililikemea waziwazi. Chama cha ANSS, kilichoanzishwa Bujumbura mwaka 1993 na Jeanne Gapiya-Niyonzima, kiliwafanya watu wa kawaida wazungumzie virusi bila kunong'ona. Waganga wengi hawakuacha chale. Walianza kumtaka mgonjwa aje na wembe wake. Mazoea hayo madogo ndiyo yaliyomwandaa mteja wa tatuu wa siku za baadaye. Anapoingia kwa mchoraji, jambo la kwanza kuuliza ni kama sindano ni mpya.

Upande wa Buyenzi mchoro ulikuwa wa furaha. Hina ya bibi arusi, kama ilivyo Ujiji, Zanzibar na Mombasa, huanza na majani makavu. Hutwangwa, huchekechwa kwa kitambaa chepesi, kisha unga hukandwa kwa maji ya limau au chai ya rangi na kuachwa saa kadhaa hadi rangi ianze kutoka. Uji huo mzito hutiwa kwenye koni ya nailoni iliyokunjwa kwa mkono, na ncha hukatwa kwa mkasi. Upana wa tundu hilo ndio upana wa mstari, na mkataji asiye makini huharibu kazi kabla hajaianza. Mchoraji hubana koni, huanzia kiganjani au kwenye kifundo, huachia mzabibu upande mkono mzima, akiacha uwazi pale ambapo pete na bangili zitakaa. Hina ikikauka hubanduka yenyewe. Mwanzoni alama huwa ya rangi ya chungwa, kisha hukolea kwa siku moja au mbili, na baada ya wiki moja hadi tatu inafifia.

Wachora hina ndio waliokuwa wa kwanza katika mitaa hii kufanya kazi ya agizo kwa maana kamili. Bibi arusi ana neno lake: maua makubwa au madogo, mpaka kwenye kiwiko au juu ya kifundo tu, na wapo wanaotaka herufi ya bwana arusi ifichwe katikati ya majani. Mchoraji hana stensili wala karatasi. Anachora moja kwa moja, mkono wa kulia ukifanana na wa kushoto, huku wanawake wengine wakitazama na kutoa maoni. Shida iliingia na piko, ile nyeusi inayopendwa kwa sababu inakolea upesi. Piko nyingi huchanganywa na rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, ambayo kwa baadhi ya watu huleta malengelenge na makovu, na anayedhurika mara moja hubaki na mzio wa kemikali hiyo siku zote.

Dini zimechora mpaka unaojulikana na kila mkazi. Kwa Waislamu, hadithi za Mtume zinakataza kuchanja rangi ndani ya ngozi, na hina haimo katika katazo hilo kwa kuwa inakaa juu na kuondoka. Wakristo waliofundishwa na Mapadri Weupe, waliofungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, hurejea Mambo ya Walawi 19:28. Mapadri hao hao ndio waliokabidhiwa Mpala mwaka 1885, na kwao nembo zilikuwa sehemu ya upagani wa kuachwa. Hata hivyo Ukristo wa Afrika haukuwa na kauli moja: Ethiopia na Eritrea, wanawake wa Kanisa la Kiorthodoksi wamekuwa wakichorwa misalaba kwenye paji na shingoni kwa vizazi vingi, na Wakopti wa Misri huchorwa msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono.

Serikali nayo haikuwa na mikono mitupu. Chanjo ya ndui iliacha kovu la mviringo kwenye mkono wa juu wa karibu kila aliyezaliwa kabla ya ugonjwa huo kutangazwa umetokomezwa mwaka 1980, na kovu la BCG linaendelea hadi leo. Ni alama ambayo wakoloni na serikali za uhuru walikubaliana kuiweka, na hakuna aliyeulizwa anapenda iwe wapi.

Tatuu za wino, kama chaguo la mtu binafsi, zilianza bila fundi. Kwenye mabweni, jela na kambi za askari vijana walifunga sindano mbili au tatu za kushonea kwa uzi, wakazichovya kwenye wino wa kalamu au masizi yaliyochanganywa na maji, wakadungana. Zilizobaki ni herufi za majina, moyo, msalaba, nanga, mara nyingi zimetawanyika na kugeuka kijani kwa sababu sindano ilizama kupita kiasi. Kwenye pwani ya kusini mwa Tanzania na Msumbiji, watoto walitumia mafuta ya ganda la korosho, yanayounguza ngozi na kuacha jina la mtu kama kovu jeusi. Kazi hizo ndizo zilizoipa tatuu sifa ya uhuni, na sifa hiyo haijafutika: matangazo ya ajira ya polisi Tanzania humtaka mwombaji asiwe na michoro ya aina hiyo mwilini. Mzazi wa Ngagara anayemkataza mwanawe ana sababu inayoeleweka.

Mashine ilipofika ilikuwa na umri mkubwa. Mwaka 1876 Thomas Edison alipata hati miliki ya kalamu ya umeme ya kutoboa karatasi za kunakilia. Tarehe 8 Desemba 1891 Samuel O'Reilly wa New York akapata yake ya mashine ya kuchora ngozi, iliyotokana na kalamu hiyo. Kanuni haijabadilika: mota au sumaku husukuma sindano juu na chini mara nyingi kwa sekunde, nayo hubeba wino hadi ngozi ya ndani, milimita moja hadi mbili chini. Maduka ya mwanzo ya Marekani na Ulaya yalibandika ukutani karatasi za picha zilizokwisha kuchorwa, na mteja, hasa baharia, alionyesha kwa kidole anayoitaka. Huko kulikuwa ni kuchagua, kama mtu anavyochagua kitenge dukani.

Mtu anayetajwa zaidi katika kuivunja desturi hiyo ni Don Ed Hardy. Alisomea uchapaji wa picha katika San Francisco Art Institute na kuhitimu mwaka 1967, akaenda Japani mwaka 1973 kujifunza kwa fundi Horihide wa Gifu, na mwaka 1974 akafungua San Francisco duka lililopokea watu kwa miadi tu. Ukutani hapakuwa na cha kuchagua. Mteja alikuja na wazo, wakazungumza, picha ikachorwa kwa ajili yake peke yake. Asili ya Hardy katika uchapaji wa picha ina maana kubwa kwa mtindo ambao leo ungeweza kuitwa tatuu ya picha za kitabuni. Mchapaji wa zamani alichora kwenye bamba la shaba bila rangi: giza lilitokana na mistari iliyosongamana, mwanga na karatasi iliyoachwa wazi. Tatuu za mtindo huu hufuata njia hiyo hiyo. Zina mstari wa nje ulio wazi, kivuli cha mistari au nukta, na umbo linalosimulia kitu, mnyama, mmea, chombo au mtu, bila kudai kufanana na fotografia. Mstari wake huonekana na huachwa uonekane.

Mtindo huo umewafaa wachoraji wa Bujumbura kwa sababu ya walikotoka. Chuo cha tatuu hakuna. Mtu anaingia kwenye kazi hii akiwa amekwisha shika kalamu mahali pengine. Wapo waliopitia shule ya sanaa ya Gitega, wakajifunza kuchora kwa penseli, mbao na udongo. Wapo wachora mabango, wale wanaoandika majina ya saluni na kuchora vichwa vilivyonyolewa kwenye milango ya mbao, kazi iliyomlea pia Chéri Samba kule Kinshasa katika miaka ya 1970 kabla hajawa jina kubwa duniani. Wapo waliotoka kwenye vibanda vya kuchapa fulana. Ngagara yenyewe ilikuwa na COTEBU, kiwanda kilichosokota, kufuma na kuchapa vitambaa, ambacho baadaye majengo yake yalichukuliwa na Afritextile. Soko linalobeba jina la kiwanda hicho lilijaa zaidi baada ya soko kuu la Bujumbura kuteketea tarehe 27 Januari 2013. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna Centre Jeunes Kamenge, kituo cha mapadri Waxaveri kilichowakutanisha vijana wa mitaa ya kaskazini, Ngagara ikiwemo, hata pale vita ilipoigawa mitaa hiyo kwa makabila.

Mchora mabango ana kipaji ambacho shule haitoi kwa urahisi: anajua picha lazima isomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Kwenye ngozi nyeusi ujuzi huo una thamani kuliko wa penseli laini. Wino hukaa chini ya ngozi ya juu, na ngozi ya juu ndiyo yenye melanini, kwa hiyo kila rangi huonekana kupitia kahawia ya mwenyewe. Njano hupotea, waridi hugeuka tope, buluu hukaribia nyeusi. Nyeusi ya kaboni haina wasiwasi. Mchoraji mwenye akili huitumia ngozi kama rangi yake ya pili, akiacha sehemu pana bila wino ili mwanga wa picha utoke humo. Vivuli vidogovidogo vinavyopendeza kwenye picha za ngozi nyeupe mtandaoni, hapa hukutana na kuwa doa moja baada ya miaka michache. Mteja anayekuja na picha ya namna hiyo kwenye simu anahitaji kuambiwa mapema, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Asiye fundi huchukua pesa na kunakili.

Kazi ya agizo huonekana vizuri kwa mfano wa ngoma. Ni alama ambayo Mrundi anaweza kuitaka bila kufikiri mara mbili. Ilikuwa kwenye bendera ya ufalme tangu mwaka 1962 hadi ufalme ulipoanguka mwaka 1966, na ngoma ya kifalme iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2014. Mteja husema, "Nataka ngoma." Mchoraji hana budi kuuliza ngoma ipi, inapigwa au imetulia, yenye mpigaji au peke yake. Ngoma ya Burundi huchongwa kwa gogo zima la umuvugangoma, tumbo pana, mguu mwembamba, na ngozi ya ng'ombe imeshikiliwa na mambo za mti zilizozunguka ukingo. Mambo hizo ndizo zinazoitofautisha na ngoma nyingine. Akizisahau amechora ngoma ya mtu mwingine. Gogo ni la mviringo na mkono wa juu ni wa mviringo pia, kwa hiyo ngoma iliyochorwa karatasini kwa usahihi hupinda mbavu zake ikifika kwenye msuli. Mchoraji hulazimika kuichora nyembamba kuliko ilivyo, ili mkono wenyewe uipanue. Mistari ya gogo hufuata urefu wa mkono, mambo hukaa chini kidogo ya bega, mahali ambapo ngozi haikunjiki sana.

Kuna swali la maana pia. Amri ya rais ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma hizo na kuweka maonyesho yake chini ya ruhusa ya wizara. Mwanamke anayeagiza ngoma begani anasema jambo ambalo mwanaume mwenye picha hiyo hiyo hasemi, apende asipende, na mchoraji mwangalifu humpa nafasi ya kulifikiria. Mazungumzo hayo huwa marefu zaidi kwa watu wa diaspora wanaorudi vakansi kutoka Ubelgiji, Uholanzi au Kanada. Wao hutaka kitu cha nyumbani, na mara nyingi huanza na ramani ya nchi, ambayo kwa umbo ni ndogo na ngumu kupendeza. Mchoraji mzuri huwatoa kwenye ramani na kuwapeleka kwenye kitu chenye mwili: samaki mukeke wa Tanganyika, pembe za ng'ombe, kapu lenye mistari ya kusukwa, au Gustave, mamba wa Rusizi ambaye sifa zake zilivuka mipaka ya Burundi.

Baada ya makubaliano mchoro husafishwa kwa mistari ya nje tu na kunakiliwa kwenye karatasi ya stensili yenye wino wa zambarau. Sehemu hunyolewa, huoshwa kwa sabuni na spiriti, hupakwa kilainishi chepesi, karatasi hubandikwa na kubanduliwa, na mistari hubaki. Mteja husimama wima mbele ya kioo, kwani picha iliyonyooka kwa aliyelala hupinda anaposimama. Ikikaa vibaya hufutwa na kubandikwa upya, hata mara tatu. Mstari huchorwa kwanza, kuanzia chini kwenda juu ili mkono usifute stensili, kisha vivuli. Ngozi huvutwa kwa vidole vya mkono wa pili muda wote. Mshiko huo wa kuvuta ni nusu ya kazi, maana sindano kwenye ngozi iliyolegea hurukaruka, na mstari hutetemeka. Umeme ukikatika katikati ya mstari, mashine za betri huendelea.

Wino uliodungwa haukai peke yake ndani ya ngozi. Seli za kinga ziitwazo makrofaji huumeza, na zikifa huuachia seli nyingine zinazoumeza tena. Watafiti wa Ufaransa walilionyesha hilo kwa panya mwaka 2018. Ndiyo sababu tatuu hudumu, na ndiyo sababu mistari hunenepa kidogo kadiri miaka inavyopita. Kwa ngozi za Waafrika kuna hatari nyingine, keloidi, yaani kovu linaloota kupita jeraha lenyewe. Kifua, mabega na masikio ndiyo sehemu mbaya zaidi. Mchoraji humtaka mteja aonyeshe makovu aliyonayo tayari, la chanjo, la kutoga sikio, la mpira wa miguu. Lile la BCG likiwa limevimba kama punje ya maharage, ni afadhali asichorwe kabisa. Wazee wa nembo walilitafuta kovu hilo hilo kwa makusudi.

Usafi una kanuni zisizo na mjadala. Sindano ni ya mtu mmoja na hutupwa kwenye chombo kigumu, wino humiminwa kwenye kikombe kidogo cha mteja huyo na kinachobaki humwagwa, glavu hubadilishwa kila mchoraji anaposhika simu au mlango. Vyuma vinavyorudiwa huchemshwa kwa mvuke wa shinikizo kwenye otoklevu, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kufuta kwa spiriti hakutoshi, kwa kuwa virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi.

Kupona huchukua wiki mbili hadi tatu kwa ngozi ya juu, na miezi kadhaa kwa ya ndani. Jeraha huoshwa kwa sabuni isiyo na manukato, hupakwa mafuta kidogo sana, halikunwi likianza kubanduka, wala halichomwi na jua. Kuogelea ziwani husubiri hadi liwe limefunga. Baada ya mwezi mmoja mteja hurudi, na sehemu zilizopoteza wino hujazwa. Tatuu za zamani za sindano ya kushonea mara nyingi hazifutwi, kwa kuwa leza kwenye ngozi nyeusi inaweza kuondoa rangi ya ngozi pamoja na wino. Hufunikwa kwa mchoro mpya ulio mkubwa zaidi na mweusi zaidi. Kwa kawaida mchoro unaofunika huhitaji nafasi mara mbili au tatu ya ule wa zamani.